Kiti Chekundu: Kisa cha Kanisa Moja la Nakuru na Bahasha ya Mheshimiwa

Kwa nini kisa hiki

Nafundisha wazee wa kanisa na viongozi wa vijana, zaidi Kisumu na maeneo ya magharibi, jinsi imani inavyokutana na utawala. Nikitaja maneno "theolojia ya siasa" darasa hukunja uso. Wengine hudhani nimetumwa kuwaambia wampigie nani kura, wengine hudhani ni elimu ya Wazungu isiyowahusu. Kwa hiyo niliacha kuanza na ufafanuzi, nikaanza na kisa hiki, ambacho nilikishuhudia kwa karibu kati ya Julai 2024 na Agosti 2025.

Nimeondoa jina la kanisa, dhehebu, mtaa na kila mtu aliyehusika. Viwango vya pesa nimevibadilisha kidogo. Mpangilio wa matukio sikuugusa, kwa kuwa mafunzo yote yamo katika mpangilio huo.

Kanisa lenyewe

Kanisa liko pembezoni mwa jiji la Nakuru, mahali ambapo lami huishia na bodaboda huanza kupandisha nauli mvua ikinyesha. Lilianzishwa 1993 na familia kumi na moja, nyingi zikiwa zimekimbia ghasia za 1992 upande wa Molo. Walikuwemo Wakikuyu, Wakisii na Waluhya. Wajaluo na Wakalenjin walijiunga baadaye. Ibada ni ya Kiswahili tangu siku ya kwanza. Mzee mmoja wa wale waanzilishi, nitamwita Mzee wa Molo, alinieleza sababu: "Lugha zingine zote kuna mtu hapa ndani alitukanwa nazo akichomewa nyumba."

Januari 2008, Nakuru ilipowaka tena, majirani wa makabila yote walilala kwenye lile jengo la mabati kwa siku kadhaa. Hilo huwa halitangazwi popote, ila kila mtu wa umri fulani analijua. Usipolijua hutaelewa kwa nini pesa za mwanasiasa zilikaribia kulivunja kanisa hili.

Ujenzi wa kanisa la mawe ulianza 2019. Corona ikausimamisha, wakaanza tena 2022, na kufikia mapema 2024 kuta zilikuwa zimepita madirisha. Paa lilihitaji kama shilingi milioni 1.8. Benki kulikuwa na 410,000. Mwezi Mei halmashauri ya kanisa ikaamua kufanya harambee Jumapili ya Julai 28, ikamwalika mwanasiasa mmoja mwenye cheo awe mgeni wa heshima. Hakuna aliyepinga. Kwa Kenya, kumwalika mheshimiwa kwenye harambee ya kanisa lilikuwa jambo la kawaida kama kuchinja mbuzi siku ya sherehe.

Matukio, hatua kwa hatua

Juni 25, 2024 Bunge lilipitisha Mswada wa Fedha, uliokuwa na kodi mpya, kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku hiyohiyo waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Kufikia Julai 1, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa nchini. Mgeni wa heshima wa kanisa letu alikuwa ameutetea mswada huo hadharani.

Nakuru nayo iliandamana. Miongoni mwa vijana waliotoka Jumanne hiyo alikuwa mpiga ngoma wa kwaya, mwenye miaka 22, aliyekuwa akitafuta kazi tangu amalize chuo cha ufundi. Alipigwa mguuni kwa kitu ambacho daktari alisema ni risasi ya mpira. Jumapili ya Juni 30 alikuja kanisani kwa magongo, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango kwa sababu mguu haukukunjika. Ngoma ilipigwa na mtu mwingine.

Mchungaji aliomba siku hiyo kwa muda mrefu. Aliombea amani. Aliombea nchi, viongozi, usalama na biashara za watu. Hakumtaja kijana. Niliyasikia maombi hayo baadaye kwenye simu ya mtu aliyerekodi ibada, na nakiri yalikuwa maombi mazuri kwa kuyasikia. Wakati wa matangazo mama yake kijana alisimama bila kuitwa, akasema, "Bwana asifiwe. Naomba tu mjue mtoto wangu yuko hapa." Akaketi. Mwenyekiti akashukuru, akasoma tangazo la harambee, na akalitamka jina la mgeni wa heshima pamoja na cheo chake chote. Vijana saba wakatoka nje kimyakimya. Wawili kati yao walikuwa wa kwaya.

Ijumaa, Julai 5, Rais alitangaza kupiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Jumamosi halmashauri ikakutana, na wengi walidhani tangazo hilo limewaondolea mzigo. Halikuwaondolea. Mjumbe wa mheshimiwa alipiga simu mkutano ukiendelea, akasema mzee bado anakuja, "kama rafiki tu, si kama kiongozi", na kwamba kiti chake kiwekwe.

Kiti hicho ninakijua. Ni cha mbao, kina mto wa bluu… la, wa rangi nyekundu iliyopauka hadi inaelekea bluu pembeni. Hukaa sebuleni kwa mchungaji, na siku ya mgeni mkubwa hubebwa na vijana wawili hadi mbele, kikafunikwa kitambaa cheupe cha kushonwa. Mkutano uligawanyika juu ya kiti. Vijana walisema kiti kikibebwa, watakaokibeba watafute wengine. Mzee mmoja akawaambia vijana wa siku hizi hawana adabu. Mchungaji akafunga kwa maombi kabla ya kuamua lolote, na usiku huo akanipigia simu.

Siku mbili za kusoma

Nilifika Nakuru kwa matatu siku ya Alhamisi, tukaketi jioni mbili katika lile jengo la zamani la mabati: halmashauri, viongozi wa vijana na mchungaji. Sikwenda na majibu. Nilipendekeza kila upande ulete andiko unalolitegemea, tulisome hadi mwisho, si kipande.

Mwenyekiti alileta Ezra sura ya 6. Hoja yake ilikuwa nzito kuliko vijana walivyotarajia: mfalme Dario, asiyemjua Mungu wa Israeli, aliamuru gharama za hekalu zilipwe kutoka hazina ya kifalme, na wazee wa Wayahudi wakapokea. Isitoshe, mfalme aliomba aombewe yeye na wanawe. "Kama hekalu la Yerusalemu lilijengwa kwa kodi," akasema, "sisi ni nani tukatae mabati?" Akaongeza Hagai, kwamba fedha na dhahabu ni mali ya Bwana.

Kulikuwa kimya kidogo. Kisha msichana mmoja wa kamati ya vijana akafungua kitabu hichohicho, sura mbili nyuma. Katika Ezra 4 kuna watu waliokuja kwa Zerubabeli wakasema, tujenge pamoja nanyi, maana tunamtafuta Mungu wenu. Zerubabeli akawakatalia katakata. Kitabu kimoja, jengo moja, majibu mawili. Tulikaa hapo karibu saa nzima, na naamini ilikuwa saa bora ya kazi yote. Tofauti waliyoiona wao wenyewe ni hii: Dario alitoa akiwa mbali, kwa waraka, asihitaji kuonekana. Wale wa sura ya 4 walitaka kuwa miongoni mwa wajenzi, wahesabiwe kuwa wenye nyumba.

Jioni ya pili vijana walileta Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka. Hapakuwa na ajabu. Tangu 2023 nchi nzima ilikuwa ikimwita Rais kwa jina hilo kwa sababu ya kodi, na "Zakayo shuka" ilikuwa imeimbwa barabarani wiki zote hizo. Niliwaomba wasome hadi aya ya mwisho ya habari hiyo, si mpaka pale anaposhuka mtini. Zakayo anaposhuka, nusu ya mali anaipa maskini, na yeyote aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Mzee wa Molo, ambaye hakuwa amesema neno siku mbili, akauliza polepole, "Sasa hapo, sinagogi lilipata ngapi?"

Hakuna aliyejibu. Sinagogi halikupata kitu. Yesu mwenyewe alipata nyumba ya kushinda siku hiyo. Pesa zilirudi zilikotoka.

Uamuzi na sababu zake

Halmashauri ilikuwa na njia tatu mbele yake: kuendelea kama ilivyopangwa, kufuta mwaliko kabisa, au ile waliyoichagua. Walimwandikia mheshimiwa barua fupi. Anakaribishwa katika ibada kama mwabudu yeyote, ataketi benchi pamoja na wengine. Hatapewa nafasi ya kuhutubu, yeye wala mwanasiasa mwingine yeyote, kuanzia siku hiyo. Atakachopenda kutoa akiweke kwenye kikapu cha sadaka bila kutangazwa. Harambee nayo ikageuzwa kuwa mchango wa waumini wenyewe.

Hawakutaka kumfungia mtu mlango wa nyumba ya Mungu. Mwenyekiti alilisimamia hilo kwa nguvu, na nilimuunga mkono. Pia walijua hawakuwa wa kwanza. Septemba 2021, huko Butere, siku ya kuwekwa wakfu askofu wa kwanza mwanamke kuongoza dayosisi ya Kanisa la Anglikana nchini, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa waliohudhuria nafasi ya kuhutubu. Maaskofu Wakatoliki walitoa msimamo unaofanana muda mfupi baadaye. Lakini kanuni ya askofu mkuu ni kitu kimoja, na kuitekeleza mtaani ambapo mheshimiwa anajua nyumba yako ni kitu kingine. Ndiyo maana barua ilitiwa sahihi na watu watatu, mchungaji, mwenyekiti na mhazini, ili hasira isitue kwenye kichwa kimoja.

Usiku wa bahasha

Mheshimiwa hakuja. Jumamosi, Julai 27, saa tatu usiku, gari lilisimama nje ya nyumba ya mhazini. Yeye ni fundi cherehani, mama wa makamo, na kanisani wote humwita Mama Hazina. Kijana aliyeshuka alimpa bahasha ya kaki, akasema "mzee amewakumbuka", akaondoka bila kusubiri jibu. Ndani mlikuwa na shilingi 300,000, noti za elfu moja zilizofungwa kwa raba.

Mama Hazina alinisimulia usiku huo akiwa amekaa kwenye cherehani ileile. Aliitia bahasha kwenye droo ya vifungo na uzi, akafunga, kisha akaikumbuka mikono ya mtoto wa jirani iliyozoea kufungua droo hiyo, akaitoa, akaitia chini ya godoro. Hakulala. Kilichomsumbua zaidi ya wezi ni kwamba alikuwa ameipokea. "Mkono wangu ulijinyoosha wenyewe, Mwalimu. Mtu akikupa kitu, unakishika." Saa kumi na moja alfajiri alikuwa mlangoni kwa mchungaji.

Halmashauri ilikutana kabla ya ibada ya kwanza. Waliihesabu bahasha mbele ya mashahidi wawili, wakaandika kiasi kwenye kitabu cha risiti, na kando yake wakaandika "imepokelewa kwa kurudishwa". Jumatatu wazee wawili waliirudisha ofisini, wakaomba nao waandikiwe karatasi. Wakapewa, baada ya kusubiri tangu asubuhi hadi alasiri.

Matokeo

Mchango wa waumini Jumapili ya Julai 28 ulileta 236,000, pamoja na ahadi za saruji ambazo nyingi zilitimia. Familia tano zikahama. Wiki mbili baadaye mheshimiwa alihudhuria harambee katika kanisa jingine lisilo mbali, na kanisa hilo lina paa leo. Letu lina nusu paa: upande wa madhabahu umeezekwa kwa mabati yaliyotolewa kwenye jengo la zamani, upande wa nyuma ni turubai.

Mapema 2025 mchungaji akahamishwa. Barua ya uhamisho haikutoa sababu, nami sitabuni moja. Washirika wana yao wanayoisema.

Mwezi Novemba 2024 walipata faraja wasiyoitarajia. Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alitangaza kurudisha mchango ambao Rais alikuwa ameutoa katika kanisa Katoliki la Soweto, siku chache tu baada ya maaskofu kuikosoa serikali vikali. Mama Hazina aliisikia habari hiyo redioni akishona sare za shule. Alisimamisha cherehani, akalia.

Mtihani ambao mimi nauona mkubwa zaidi ulikuja Februari 2025, kwenye mazishi ya muumini mmoja. Alikuja mwanasiasa wa upande wa pili, mpinzani wa yule wa kwanza, kipenzi cha vijana. Vijana walewale waliokataa kubeba kiti wakaanza kupaza sauti apewe kipaza sauti. Mwenyekiti, yule wa Ezra 6, akasimama kando ya jeneza akasema kanuni ni ile waliyoiandika, haikuandikwa kwa mtu mmoja. Vijana walikasirika. Baadhi walimwita msaliti. Mwanasiasa mwenyewe aliinua mkono kuwasalimu, akaketi, na mazishi yakaendelea.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Mwaka 1922 mwanasheria Mjerumani Carl Schmitt aliandika kwamba dhana kubwa za nadharia ya dola ya kisasa zilitoka katika theolojia zikavikwa nguo za kidunia. Schmitt baadaye alijiunga na chama cha Nazi, kwa hiyo namtaja kwa tahadhari, lakini jambo hilo aliliona sawasawa, na sisi tunaozungumza Kiswahili tunalisikia kila siku bila kulitambua. Katika nyimbo zetu za ibada Mtukufu ni Mungu. Katika taarifa za habari za redio enzi ya Moi, Mtukufu alikuwa Rais, na ndiyo habari ya kwanza kila saa. Neno moja lilibebwa kutoka madhabahuni hadi Ikulu, na siku mwenye cheo anapoingia kanisani huja nalo. Watu husimama. Maombi hukatwa katikati. Kiti huletwa. Hakuna mhubiri aliyefundisha kwamba mheshimiwa ni mdogo kidogo tu kuliko Mungu, lakini mtoto wa miaka minane aliyeketi pale ameshafundishwa.

Kwa sababu hiyo uamuzi wa benchi ulikuwa wa kitheolojia kuliko mahubiri yoyote waliyoyasikia mwaka huo. Ulirudisha kiti mahali pake, ukarudisha na neno.

Kusoma andiko lote kabla ya kupiga kura kulisaidia kwa njia ambayo sikuitegemea. Nilidhani kungewashawishi wazee. Kulichofanya ni kuwapa heshima. Mwenyekiti aliposikilizwa hoja yake ya Dario kwa uzito, hakuwa tena mzee anayetetea pesa mbele ya watoto. Alikuwa msomaji wa Biblia mwenye hoja. Ndiyo maana Februari aliweza kuisimamia kanuni ambayo Julai aliipinga. Kama vijana wangemshinda kwa kelele siku ya kwanza, mazishini angewaachia kipaza sauti na kunawa mikono.

Sahihi tatu na kitabu cha risiti vilifanya kazi. Siongezi hapo.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Kwanza, kabila. Mara barua ilipojulikana, minong'ono ilianza kwamba mheshimiwa amekataliwa kwa sababu si "wa kwetu". Familia tatu kati ya tano zilizohama zilisema hivyo waziwazi. Tulipaswa kuliona likija. Nakuru haijawahi kuwa na siasa isiyosomwa kwa kabila, na kanisa hili lilizaliwa kutokana na moto wa usomaji huo. Enzi za ghasia za 1992 Nakuru ilikuwa na Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyekemea mauaji hayo waziwazi. Eldoret ilikuwa imempoteza Askofu Alexander Muge, aliyefariki barabarani Agosti 14, 1990, siku chache baada ya waziri mmoja kumtishia kwamba akienda Busia hatarudi akiwa hai. Wazee wa kanisa hili wanakumbuka majina hayo. Ingefaa barua isomwe kanisani siku ileile ilipotumwa, pamoja na maneno yake ya "mwanasiasa mwingine yeyote". Ilisomwa wiki mbili baadaye. Katika wiki hizo mbili uvumi ulikuwa umeshaota mizizi, na hata mazishi ya Februari hayakuung'oa wote.

Pili, akina mama. Hili ni kosa langu. Umoja wa akina mama ndio uliokusanya sehemu kubwa ya zile 410,000, kwa chama chao cha akiba, kwa kuuza maandazi na mboga. Jioni zangu mbili nilikaa na halmashauri, ambayo ina wanawake wawili kati ya kumi na mmoja, na vijana. Sikuuliza akina mama wako wapi. Na mama wa mpiga ngoma, aliyesema maneno mazito kuliko yote katika kisa hiki, hakuwa chumbani. Bahasha ilipokuja, ilipelekwa kwa mwanamke, na aliyekesha nayo ni mwanamke. Waliotoa mchango na walioubeba mzigo hawakuwa walioalikwa kufikiri. Siku hizi siketi na kanisa lolote kabla ya kuwaona waliochangia shilingi hamsini hamsini.

Tatu, na hapa ndipo panaponiuma. Mwaka 1985 wanatheolojia wa Afrika Kusini walitoa tamko lililojulikana kama Kairos. Walitenganisha theolojia ya dola, inayobariki mamlaka; theolojia ya kanisa, inayohubiri amani na upatanisho bila kuuliza nani ameumiza nani; na theolojia ya kinabii, inayoitaja dhuluma waziwazi na kusimama na waliodhulumiwa. Sala ile ya Juni 30 ilikuwa ya aina ya pili, neno kwa neno. Yeremia alishawaona watu wanaoponya jeraha la watu juujuu tu, wakisema "Amani, Amani", wala hapana amani. Mchungaji hakuwa mwoga wala mtu wa serikali. Alitia sahihi barua akijua gharama yake. Alifundishwa tu kwamba maombi ya hadhara yasimtaje mtu ambaye kumtaja kungeleta mabishano.

Sisi wengine tulifuata mkondo huohuo bila kujua. Tuliposoma Zakayo tulizungumza juu ya mtoaji wa pesa, stahili yake na nafasi yake ya kukaa. Swali la Mzee wa Molo lilitupeleka mlangoni kabisa: pesa zilirudi kwa waliodhulumiwa. Aliyedhulumiwa alikuwa na jina, alikuwa na magongo, alikaa benchi la nyuma. Hatukuuliza anamdai nani, wala anadai nini. Bili ya hospitali ililipwa na mama yake, sehemu kwa mkopo wa chama. Katika zile 236,000 hakuna hata shilingi iliyotengwa kwa ajili yake. Barua kwa mheshimiwa iliandikwa mara tatu mpaka ikanyooka. Kwa kijana hakuna aliyeandika. Kanisa lilitumia wiki kadhaa kuamua litafanya nini na mtu mwenye pesa, na likafanya vizuri.

Katika wale saba waliotoka Juni 30, watatu wamerudi. Mpiga ngoma ni mmoja wao. Mguu umepona isipokuwa siku za baridi. Nilipopita hapo Agosti 2025 nilimkuta akikaza ngozi ya ngoma kivulini, chini ya upande wenye mabati. Nilimuuliza kama kuna siku kanisa limewahi kumwombea kwa jina. Alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta kweli na hataki kusingizia.

"Bado," akasema.

Nilimwambia mchungaji mpya. Ameandika kwenye daftari lake.